Kutoka jukwaa la Sokoine hadi kitengo cha mawasiliano

Ripoti ya mechi humweleza msomaji yaliyokwisha kutokea. Taarifa ya afisa mawasiliano humwambia afanye nini kesho. Mwandishi wa michezo aliyezoea kuripoti mechi za Tanzania Prisons na Mbeya City pale Uwanja wa Sokoine, Mbeya, siku akianza kuiandikia mamlaka ya maji, hujikwaa hapo kabla ya kujikwaa kwenye kamera au kompyuta.

Chukua tangazo la maji kukatika. Mkono wa michezo utaandika: "Wakazi wa Jiji la Mbeya wamepata pigo lingine baada ya bomba kuu kuzidiwa." Sentensi tamu, lakini mama wa Ilemi akimaliza kuisoma hajui kama ajaze madumu. Iandike hivi: "Maji hayatatoka Ilemi, Iyunga na Sokomatola siku ya Jumatano, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hifadhi maji Jumanne usiku. Mafundi wanabadilisha bomba." Eneo, siku, saa, la kufanya, kisha sababu. Nenda ofisi ya kata yako, soma matangazo 10 yaliyobandikwa ukutani, uyaandike upya kwa mpangilio huo. Ukifika la sita mkono utaanza kuzoea.

Kabla ya kuomba kazi, andaa kazi 4 za mfano zisizohusu mpira: taarifa kwa umma ya ukurasa 1, taarifa kwa vyombo vya habari isiyozidi maneno 350, picha 3 zenye maelezo ya nani, wapi na lini, na mpango wa ukurasa 1 wa banda la Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale. Kwenye huo mpango, taja unayetaka kumfikia (tuseme mkulima wa parachichi wa Rungwe), ujumbe mmoja, njia 2 za kumfikia, gharama, na namna utakavyojua kama umemfikia. "Watu wengi walitembelea banda" si kipimo. Idadi ya namba za simu zilizoandikwa daftarini ni kipimo.

Wasifu wako nao usiwe orodha ya ligi. "Kutangaza mpira mubashara" kigeuze kuwa "kuzungumza hewani dakika 90 bila maandishi na kusahihisha kosa papo hapo". "Kuhoji makocha" ni kuhoji watu wenye hasira bila kuvunja uhusiano, na kila ofisi inayohudumia wananchi inahitaji mtu wa namna hiyo.

Nafasi za serikalini hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na huko watangazaji huangushwa na jina. Hewani unajulikana kwa jina la utani, cheti cha kidato cha nne kina jina lingine, na cheti cha chuo kimeongeza la babu. Majina kwenye vyeti yakipishana, shughulikia mapema hati ya kisheria ya kuthibitisha majina, usingoje tangazo litoke. Jina la hewani litatuliwe kwa barua ya mhariri inayothibitisha kuwa ni wewe. Pakia vyeti vyenyewe. Karatasi ya matokeo ya muda hukataliwa. Barua ya maombi isainiwe. Inaonekana kichekesho, lakini wengi huisahau.

Nafasi ikiwa ya usemaji wa klabu, acha kuripoti habari za klabu hiyo tangu siku unayotuma barua, na mweleze mhariri wako. Ukingoja hadi upate jibu, kila sifa uliyoiandika kati hapo itasomwa kama rushwa.

Wanaoanza kwa mkataba wa mwezi, kwa mfano na chama cha ushirika cha kahawa Mbozi au hoteli ya njia ya Ruaha, waandike idadi: machapisho 8, taarifa 2 kwa vyombo vya habari, tukio 1 la kupigwa picha, na marekebisho yasiyozidi mara 2 kwa kila kazi. Bila hiyo namba ya mwisho, bango moja litarudi mara saba, na kila bosi atataka rangi yake.

Ukishaingia, hatari kubwa ni simu za wenzako wa zamani. Ripota uliyekaa naye jukwaani Uwanja wa Samora, Iringa, atapiga saa 3 usiku, "kaka, nipe kidogo tu, sitakutaja". Usitoe hata kidogo. Halmashauri ina mkurugenzi wake, na neno lako bila ruhusa yake huwa kauli ya ofisi. Mjibu: nimekusikia, nitakupigia saa fulani. Kisha piga saa hiyo, hata kama huna jipya.

Likitokea jambo baya, usisubiri picha kamili. Ndani ya saa 1 toa mistari mitatu: tunachokijua, tunachokifanya, na saa ya taarifa inayofuata. Usitaje idadi ya majeruhi kwa kusikia. Ngoja ya hospitali au polisi. Na picha ya mgonjwa au mwanafunzi isiende popote bila ridhaa ya maandishi, ya mzazi au mlezi kama ni mtoto, kwa sababu tangu 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uwanjani ulipiga jukwaa zima bila kumuuliza mtu. Wodini beba fomu na kalamu mbili, moja huwa haiandiki.