Kumtafsiria mgonjwa mbele ya daktari wa nje: Kiingereza cha kuumwa, hatua kwa hatua

Familia nyingi hapa Tanga zina mgonjwa ambaye majibu ya vipimo vyake yameshatumwa India, na kabla watu hawajaanza kuchanga nauli, daktari wa huko anataka kumsikia mgonjwa mwenyewe kwa simu ya video. Hapo ndipo anapoitwa kijana wa nyumba aliyemaliza fomu foo: "Si umesoma wewe? Kaa hapa umtafsirie bibi." Kijana anakijua Kiingereza cha insha na cha barua ya kuomba kazi. Cha kuumwa hakufundishwa na mtu.

Kazi hii naifanyia majirani wa Ngamiani na wengine wanaotoka Pangani na Muheza. Wengi hunifuata baada ya simu ya kwanza kuharibika, na ukiwasikiliza, sarufi ilikuwa haina neno. Walichofanya ni kutafsiri jina la ugonjwa na kuuacha mwili wa mgonjwa haujaelezwa.

Tahadhari moja kabla ya yote. Mgonjwa akibanwa kifua huku jasho linamtoka, akipinda mdomo ghafla, au ulimi ukawa mzito mara moja, hakuna cha msamiati wala simu ya video. Mkimbizeni hospitali ya Bombo.

Hatua ya 1: Mhoji kwa Kiswahili, uandike kwenye karatasi

Siku moja kabla ya simu, kaa na mgonjwa umuulize: panauma wapi, panaumaje, tangu lini, nini kinazidisha, nini kinapunguza. Andika maneno yake kama yalivyomtoka. Akisema "kama sisimizi wananitembea mguuni," andika sisimizi, usiandike ganzi.

Angalia pia nani anahoji. Mjukuu ana utani na bibi yake, ataambiwa hata habari za choo. Mkwe usimweke hata kama ana digrii ya Kiingereza; mama mkwe atasema "kichwa tu kinaniuma" na mtamaliza simu mkitibu kichwa. Mambo ya uzazi atafutwe mwanamke.

Na karatasi iwe karatasi kweli. Programu za kutafsiri za kwenye simu sizitaki katika kazi hii. Neno likiwa na maana mbili zitakuchagulia moja bila kukuuliza, na wewe utasoma kilichoandikwa kwa kujiamini.

Hatua ya 2: Majina ya magonjwa yaweke pembeni

Mengine ni rahisi, ila yana mtego. Presha ukiitamka "pressure" peke yake, msikilizaji anaweza kudhani mgonjwa ana mawazo ya kazi. Sema "high blood pressure". Sukari ni "diabetes". Ukisema "she has sugar" atafikiri ya chai. Vidonda vya tumbo ni "stomach ulcers", usiseme "wounds", maana hiyo ni jeraha la kisu. Na "running stomach", ambayo hapa kwetu kila mtu anaielewa, ukivuka bahari wengine hawaijui: sema "diarrhoea", itamke "dairia". Wamarekani huiandika "diarrhea", usishtuke.

Magumu ni yale ya pwani. Ngiri, chango, mshipa: mzee akitaja mojawapo usikimbilie kamusi. Kamusi itakuambia ngiri ni "hernia", na huenda ndiyo, lakini watu wetu wanaita ngiri mambo mengi, toka tumbo la chini kukaza hadi nguvu za kiume kupungua. Mshipa unaweza kuwa busha, unaweza kuwa mshipa wa shingo tu uliokaza. Hapo muulize mzee anaona nini na anasikia nini, kisha utafsiri hicho. Kama ni korodani zimejaa, sema "swelling of the scrotum". Daktari atatafuta jina mwenyewe, ndiyo kazi aliyosomea.

Hatua ya 3: Mahali panapouma

Hii ndiyo inayokula muda. Ukiivuka salama, zilizobaki ni mteremko.

Anza na mkono na mguu. Sisi mkono ni mkono, kuanzia begani hadi kwenye kucha. Mwingereza ameukata vipande viwili: "arm" ni toka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapovaliwa, na "hand" ni kutoka hapo kushuka. Mguu vilevile: "leg" ni paja hadi kifundo, "foot" ni kifundo kushuka, ikiwa na unyayo. Vidole vya mkono ni "fingers", vya mguu ni "toes", na "fingers of the leg" haipo. Kwa mgonjwa wa sukari tofauti hii si mchezo. Kidonda kikiwa unyayoni ukasema "a wound on the leg", daktari atamwazia mtu mwingine kabisa, kwa sababu kidonda cha unyayo kwa mwenye sukari kinamtia wasiwasi kuliko cha muundi. Kwa hiyo mgonjwa akisema mguu, mwambie aguse. Usitafsiri kabla hajagusa.

Kiuno nacho. Mwanamke akisema kiuno kinamuuma, mara nyingi ameshika mgongo wa chini, na hapo ni "lower back". Ukisema "waist", umetaja mahali pa kufungia mkanda. Akishika pembeni, kwenye mfupa wa nyonga, ni "hip". Akishika mbele, pale paja linapokutana na tumbo, ni kinena, yaani "groin". Nimeona watu wazima wakigombana sebuleni kwa sababu bibi anasema kiuno na mkono wake uko kwenye nyonga. Mkono wa bibi ndio wa kuaminiwa.

Kifua kina lake. "Mtoto ana kifua" maana yake anakohoa, au ana pumu, na pengine hapaumi popote. Ukitafsiri "chest pain" umeita ugonjwa wa moyo. Uliza: anakohoa, panauma, au pumzi haitoshi? Kukohoa ni "cough", tamka "kof". Pumzi kutotosha ni "short of breath". Kifua kulia filimbi ni "wheezing". Kubana ni "tightness in the chest". Kichomi cha ubavuni, kile kinachochoma ukivuta pumzi, ni "a sharp pain in my side when I breathe in"; sentensi ndefu, lakini kila neno lake lina kazi.

Sasa chembe cha moyo. Wazee wetu wakiugua tumbo la juu, pale katikati chini ya mfupa wa kifua, husema chembe kinawauma. Hapo ni tumbo, moyo haumo, ingawa jina limeubeba. Familia moja ilitumia simu yao yote ya kwanza kuzungumzia moyo kwa sababu mtafsiri wao alisema "heart pain". Daktari, na hana kosa, akataka kipimo cha umeme wa moyo, akauliza kama mzee anachoka akipanda ngazi, kama baba yake alikufa ghafla. Walipokatiwa simu hakuna aliyekuwa ametaja kwamba maumivu yanakuja mzee akiwa na njaa. Chembe cha moyo kiite "the upper part of my belly, in the middle", au useme "the pit of my stomach". Yote mawili yanaeleweka.

Na Waingereza nao wana mtego wao uleule. "Heartburn" wameupa jina la moyo, kumbe ni kiungulia: tindikali ya tumbo inapanda kooni. Daktari akiuliza "Any heartburn?" usimwambie bibi "je, moyo unawaka?" Atajibu ndiyo, kwa sababu ana huzuni zake. Muulize kama anapata kiungulia. Ila ujue kwamba maumivu ya moyo wa kweli wakati mwingine hujificha palepale juu ya tumbo, hivyo daktari akiendelea kuuliza habari za moyo hata baada ya wewe kueleza vizuri, mjibu kwa utulivu. Usimbishie.

Neno "stomach" lenyewe, tamka "stamak", watu hulitumia kwa tumbo zima, ila kwa daktari ni mfuko wa chakula. Mimi napenda "belly" ya kawaida, halafu naongeza "upper" au "lower", "right" au "left". Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa. Kwenye simu kioo kinaweza kugeuza picha, kwa hiyo usitegemee daktari ataona mwenyewe.

Mgonjwa akiwa mzee wa Kidigo au Kisambaa anayechanganya maneno, kuna dawa moja: chora mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, umwambie atie alama. Hiyo karatasi mwonyeshe daktari kwenye kamera.

Hatua ya 4: Panaumaje

Kwanza sarufi kidogo. "Headache", "stomach ache", "toothache", "backache" na "earache" zipo, na "ache" husomwa "eik", usiisome kama vile unamwambia mtu aache. Kwingine kote tumia "my knee hurts" au "I have a pain in my knee". Koo ni "a sore throat". "My head is paining me" ya kwetu wataielewa, lakini "my head hurts" ni fupi na salama.

Kisha aina. Kuchoma kama mkuki ni "stabbing". Kuwaka moto ni "burning", na mkojo ukichoma ni "it burns when I pass urine". Kichwa kupwita ni "throbbing". Tumbo kusokota ni "cramps". Maumivu mazito yanayovuta tu, mtu hawezi hata kuyaonyesha vizuri, ni "a dull ache". Sisimizi wa hatua ya kwanza ni "tingling"; ganzi kamili, usiposikia hata ukifinywa, ni "numb", na ile b ya mwisho haitamkwi.

Ngozi kuwasha ni "itchy". Wengi husema "my skin is scratching me". "Scratch" ni kujikuna, ni kazi ya kucha.

Daktari ataomba namba, moja hadi kumi, kumi ikiwa ndiyo maumivu makali kuliko yote. Wazee hawapendi swali hili, watakuambia "Mungu ndiye ajuaye." Muulize badala yake kama analala usiku, kama anaweza kuswali kwa kusimama. Mpe daktari majibu hayo: "It wakes her at night." Yana thamani kuliko saba au nane ya kubuni.

Hatua ya 5: Yasiyo maumivu

Kichefuchefu ni "nausea", kutapika ni "vomiting". Kwa Mwingereza "I was sick" mara nyingi ni kutapika, si kuumwa tu. Kizunguzungu cha nyumba kuzunguka sema "the room is spinning", cha kutaka kuanguka ukisimama ni "light-headed". Ukisema "dizzy" tu ataendelea kuuliza. Kukosa choo ni "constipation". Choo kikubwa ni "stool", na kama kina damu au ni cheusi kama lami, sema bila haya, tena mapema. Degedege ni "convulsions". Simulizi za ndege na shetani mwachie anayezijua.

Hatua ya 6: Tangu lini

"For" na muda, "since" na tarehe: "for three weeks", "since March". Yanayokuja na kuondoka, "it comes and goes". Yasiyoacha, "all the time". Inatosha.

Hatua ya 7: Namba

Joto: homa ya nyuzi 38 za Selsiasi ni 100.4 kwa Farenhaiti, na vipimajoto vya India na Marekani mara nyingi husoma hiyo ya pili. Taja kipimo. Sukari vilevile. Mashine zetu husoma milimole kwa lita, za India miligramu kwa desilita. Zidisha yetu kwa 18. Kwa hiyo 7.2 ya Tanga ni kama 130 ya kule. Presha ya 150 kwa 95 isome "one fifty over ninety-five".

Hatua ya 8: Simu yenyewe

India wametutangulia saa mbili na nusu. Miadi ya "ten thirty" ya kwao ni saa mbili kamili asubuhi hapa.

Daktari atafungua na "How are you?" na bibi, kwa adabu yake, atajibu "Sijambo, nashukuru," hata kama usiku kucha hakulala. Usitafsiri salamu hiyo kama jibu. Sema "She greets you, doctor," kisha soma karatasi yako.

Mwisho dawa. "On an empty stomach" ni kabla hajatia kitu kinywani. "Every eight hours" haina maana ya asubuhi, mchana na jioni. Ni kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Na akisema "at eight in the evening," kichwani mwako geuza papo hapo: saa mbili usiku. Nane yake na saa nane yetu ziko mbali mno. Msomee daktari ulichoandika, ukianza na "Let me repeat that," usubiri akubali. Kisha andika saa za Kiswahili juu ya boksi la dawa kwa kalamu nzito, maana atakayempa bibi vidonge usiku ni yule mjukuu aliyekuwa nje akicheza mpira wakati mnaongea.