Namna ya kuandika tanbihi na marejeleo katika makala ya kitaaluma kuhusu muziki

Tanbihi katika makala ya muziki ina kazi moja kuu: kumwezesha msomaji kuufungua ukurasa uleule aliousoma mwandishi, au kuusikiliza muziki uleule aliousikiliza. Kwa hiyo rekodi inastahili uangalifu sawa na kitabu, na kwa maoni yangu hata zaidi, kwani kitabu hujieleza katika kurasa zake za mwanzo, ilhali wimbo uliopandishwa mtandaoni mara nyingi hautaji hata bendi iliyoupiga. Maelezo yafuatayo yanafuata mtindo wa Chicago wa tanbihi na bibliografia, unaotumiwa sana katika taaluma ya muziki. Ikiwa idara au jarida lako linadai mtindo mwingine, ufuate huo, lakini taarifa za kukusanya ni zilezile.

Nambari ya tanbihi huwekwa juu kidogo ya mstari, baada ya nukta au mkato. Iachie programu kazi ya kuhesabu. Katika Word, kubonyeza Ctrl, Alt na F kwa pamoja kunatosha, na nambari zote hujipanga upya unapoongeza tanbihi nyingine katikati. Kitabu kinapotajwa mara ya kwanza huandikwa kikamilifu, jina la kitabu likiwa katika herufi za mlazo: Terence O. Ranger, *Dance and Society in Eastern Africa, 1890–1970: The Beni Ngoma* (London: Heinemann, 1975), 45. Mara ya pili inatosha kuandika: Ranger, *Dance and Society*, 52. Tangu toleo la 17 la mwongozo wa Chicago, lililotoka mwaka 2017, ufupisho wa namna hii ndio unaopendekezwa badala ya ibid. (neno la Kilatini lenye maana ya "palepale", linalorejelea chanzo kilichotajwa katika tanbihi iliyotangulia), na toleo la 18 la mwaka 2024 halidai tena mji wa uchapishaji kwa vitabu vilivyotoka tangu mwaka 1900. Katika bibliografia jina la ukoo hutangulia, mabano huondoka na nukta huchukua nafasi ya mikato.

Kanuni hiyo ya jina la ukoo isitumiwe kwa upofu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aorodheshwe chini ya Siti, kwa sababu Saad ni jina la baba yake wala si jina la ukoo kwa maana ya Kizungu, na msomaji wa Kiswahili atamtafuta kwenye herufi S ya Siti.

Sasa tuje kwenye rekodi. Taja mwimbaji au bendi, jina la wimbo ndani ya alama za kunukuu, jina la albamu kwa herufi za mlazo ikiwa ipo, kampuni iliyotoa, nambari ya toleo, mwaka na aina ya chombo, yaani santuri, kanda, CD au faili la mtandaoni. Santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile ambazo Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, huwa na nambari za aina mbili: ya toleo, iliyochapwa kwenye lebo, na ya rekodi yenyewe, iliyogongwa kwenye santuri karibu na lebo. Ziandike zote mbili, kwa kuwa wimbo mmoja uliweza kurekodiwa zaidi ya mara moja, na ya pili ndiyo inayotofautisha rekodi na rekodi. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua takribani dakika tatu tu. Wimbo mrefu ukigawanywa pande mbili, eleza ni upande upi unaouzungumzia. Kwa faili la mtandaoni, taja mwaka wa kurekodiwa na tarehe ya kupandishwa, maana wanafunzi wengi huandika hii ya pili pekee, na wimbo wa miaka ya 1970 ukaonekana kama wa juzi. Kisha onesha mahali hasa katika wimbo, kwa mfano 2:14–2:40, kama unavyotaja ukurasa.

Jina la bendi liandikwe kama lilivyo kwenye rekodi. NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Ukiandika Msondo Ngoma kwa rekodi iliyotoka chini ya jina la NUTA, hutaeleweka na mtunza kumbukumbu. Taja jina la wakati ule, kisha ongeza sentensi moja kuhusu majina ya baadaye.

Tofautisha pia mwimbaji na mtunzi. Wimbo "Malaika" ulivuma kwa rekodi ya Fadhili William ya miaka ya 1960, lakini Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga. Katika hali kama hiyo tanbihi iseme nani aliimba, na suala la utunzi lielezwe waziwazi kuwa lina ubishi. Maneno uliyoyanakili mwenyewe kwa kusikiliza yaambatane na kauli "unukuzi wangu".

Kwa muziki ulioandikwa kwa nota, jina la jumla kama Simfoni Na. 5 ya Beethoven halilazwi, ila jina maalumu hulazwa. Kazi za Bach hutambulishwa kwa nambari za BWV na za Mozart kwa K, yaani nambari za orodha za kazi zao. Taja toleo la nota ulilotumia pamoja na mhariri wake.

Mahojiano yako mwenyewe hutajwa katika tanbihi, na kwa kawaida hayaingii kwenye bibliografia: jina la mhojiwa, maneno "mahojiano na mwandishi", mahali na tarehe. Mhojiwa akiomba asitajwe, andika kazi yake, kwa mfano mpiga fidla wa kikundi cha taarab, na ukimpa jina la kubuni, tanbihi ya kwanza inayomhusu iseme kwamba jina hilo ni la kubuni.