Mkojo ukikutoka unapokohoa: anza na jagi na daftari

Akina mama wengi wanaokuja kwangu kwa mazoezi ya viungo huanza kwa sauti ya chini: "Nikipiga chafya tu, nguo inalowa." Karibu wote wameshajitibu kwa kupunguza maji na kwenda chooni kila baada ya nusu saa. Naelewa kwa nini, lakini njia hiyo inakizoesha kibofu vibaya.

Hatua ya 1: Pima. Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kwa siku 3 andika saa, kiasi ulichokojoa, ulichokunywa, na ulikuwa unafanya nini mkojo ulipokutoka: kutwika ndoo, kucheka, kushuka ngazi. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 300 hadi 500. Daftari likisoma 90, 120, 100 kutwa nzima, unakimwaga kabla hakijajaa. Kunywa maji kama kawaida, na haja ikija mapema, ivumilie dakika 5, wiki ijayo 10.

Hatua ya 2: Kojoa kwa utulivu. Kaa kabisa, nyayo chini, viwiko magotini. Kama choo ni cha kuchuchumaa, shuka hadi chini. Ukijishikilia nusu wima kwa kuogopa uchafu, misuli ya nyonga, ile ya chini inayozuia mkojo, haiachii na mkojo unabaki. Usisukume.

Hatua ya 3: Kaza misuli hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma taratibu. Lala chali, kunja magoti. Bana kama unayezuia upepo usitoke, kisha endelea kubana kuelekea mbele, unapozuilia mkojo. Utahisi kitu kinavutwa juu, kwa ndani. Weka mkono tumboni: tumbo likiwa gumu au makalio yakinyanyuka, umekaza mahali pasipo sahihi. Pumua. Shikilia hadi sekunde 5, achia kabisa, pumzika. Mara 8, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3. Usifanye zoezi hili katikati ya kukojoa.

Ukishaipata misuli, itumie: kohozi likikuwasha, kaza kwanza ndipo ukohoe. Vivyo hivyo kabla ya kunyanyua mtoto.

Ukiona damu, mkojo ukichoma au ukigoma kutoka, muone daktari kwanza. Na kama mkojo unachuruzika usiku na mchana tangu ulipojifungua kwa shida, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haiponi kwa mazoezi, inahitaji upasuaji. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT hufanya upasuaji huo bila malipo.