Saa ya betri ya PC/AT ndani ya simuleta: hifadhi tofauti, si saa

Simuleta ni programu inayoiga kompyuta nyingine; hapa tunaiga chipu ya saa. Chipu ni MC146818, ile ya IBM PC/AT ya 1984. Ina baiti 64: 14 za saa na udhibiti, 50 za kumbukumbu. Kila baiti hufikiwa kama rejista yenye namba yake. Namba ya rejista huandikwa poti 70h, data hupita 71h (h ni namba za msingi wa 16).

Hatua ya 1. Kwenye faili weka baiti 50, rejista 0Ah na 0Bh, na tofauti kwa sekunde baina ya saa ya mashine inayoigizwa na ya kompyuta yako. Ukihifadhi saa yenyewe, kesho itaanza pale ilipolala. Ukihifadhi tofauti, inatembea hata simuleta ikifungwa, na hiyo ndiyo kazi ya betri.

Hatua ya 2. Rejista ikisomwa, jumlisha saa ya kompyuta na tofauti, kisha geuza kuwa BCD (kila tarakimu ya desimali katika biti nne zake) ikiwa biti 2 ya 0Bh ni 0. Dakika 45 ni 45h, si 2Dh. Jumapili ni 1.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Biti 7 ya 0Bh ikiwa 1, yaani programu inarekebisha saa, gandisha nakala ya saa, na kila kinachoandikwa kiingie humo. Ikirudi 0, ndipo upige hesabu ya tofauti mpya, mara moja. Ukihesabu kila rejista inapoandikwa, programu ikitanguliza tarehe 31 na mwezi bado ni Februari, umesharuka hadi Machi.

Hatua ya 4. Biti 7 ya 0Ah, inayosema saa inajisasisha, iwe 1 kwa takriban mikrosekunde 2,228 kila sekunde. Ikibaki 0 daima, BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) huona saa imesimama: kosa 163. Rejista 0Dh isomeke 80h, yaani betri ni nzima.

MASUALI

Maalim, saa yangu iko nyuma saa tatu kamili.
Unasoma UTC, saa ya kimataifa. Unguja na Pemba tuko mbele saa tatu. Chukua saa ya hapa. Biti 0 ya 0Bh iache 0, ni ya saa za kiangazi za Marekani. Na saa mbili asubuhi huandikwa 08h, wanafunzi huchanganya sana.

Umeme ukikatika nakuta faili tupu.
Andika faili la pembeni, hakikisha limefika diski, ndipo ulipe jina la lile la zamani. Fanya hivyo kila tofauti ikibadilika, usingoje kufunga.

IRQ 8 (ishara ya saa ya kukatiza kazi ya prosesa) inakuja mara moja, kisha kimya.
Kusoma 0Ch hakufuti bendera (biti zinazoonyesha sababu ya IRQ) kwenye msimbo wako. Zifute zote na ushushe waya wa IRQ. Ukibaki juu, kidhibiti cha IRQ cha AT hakioni ukipanda tena.