Jinsi ya kuwaonyesha watu moyo wa kiinitete cha kuku ukidunda

Tafuta mayai ya matetea wanaoishi na jogoo, yasiyozidi wiki moja tangu kutagwa. Ya dukani kwa kawaida hayana mbegu, utayaatamisha bure. Yatie kwenye mashine ya kutotolesha, nyuzi 37.5 hadi 38 za Selsiasi, saa 72 kabla ya onyesho. Tia sita hata kama unahitaji mawili.

Laza yai nusu saa ili kiinitete kielee juu. Toboa ncha nyembamba, elekeza sindano chini, vuta mililita 3 hadi 5 za ute, kisha ziba kwa selotepu. Wengi huiruka hatua hii, na mkasi ukaishia kuchana mishipa iliyogusana na ganda. Bandika selotepu juu, kata dirisha la sentimita 2. Nukta nyekundu inayodunda katikati ya mishipa iliyotandaa kama mizizi, ndiyo moyo.

Yai likipoa mapigo hupungua, watazamaji wadhani kimekufa. Liweke kwenye kikombe ndani ya maji ya nyuzi 38.

Usikiite kifaranga. Swali la maumivu litakuja tu: jibu kwamba siku ya 3 ubongo bado ni mrija. Mwishoni, gandisha mayai kwenye friza usiku kucha ndipo uyatupe.