Jinsi ya Kuweka Daftari la Muziki na Vitabu Ukiwa Mtu wa Kazi ya Kutwa

Nunua daftari la kawaida la kurasa 96, na biro mbili. Simu iache kando. Mimi nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi, na jioni narudi Buruburu kwa matatu za njia namba 58. Ukitoa simu dirishani foleni ikikaza karibu na Muthurwa, ulichoandika kitasomwa na mtu mwingine. Daftari hakuna anayelitaka. Tena likikaa chini ya kaunta, kati ya mteja wa filta ya mafuta na yule wa breki unapata nafasi ya mistari mitatu. Mitatu yatosha. Anayejiahidi ukurasa mzima kila siku huacha kabla mwezi haujaandama.

Andika jina la wimbo au kitabu, ulikipata wapi, ulikuwa ukifanya nini, na kitu kimoja ulichokisikia au kukiona ndani yake. Basi. Maneno kama "tamu", "kali" na "moto" nimeyapiga marufuku kwangu, maana ukirudi baadaye hayakuambii lolote. Niliandika hivi majuzi: "Jumanne, 58, mvua, madirisha yamefungwa. Makanga kaweka rumba ya zamani, dereva ndiye kaomba. Mama wa kiti cha mbele anaimba kiitikio, beti hazijui. Besi inaruka pigo la kwanza, halafu inaingia." Huo wa mwisho ndio mstari wenye thamani.

Kuupata mstari wa namna hiyo ni kazi ya sikio, na hapa nitakaa kidogo. Chagua wimbo mmoja kwa juma zima. Siku ya zamu ya maji, ndoo zimejaa na wewe unafua, uache ujirudie. Mara ya kwanza fuata waimbaji. Mara ya pili wasahau, fuata besi, lile gita la sauti nzito, peke yake mpaka mwisho. Kisha sikiliza lile gita linalorudia kifungu kimoja bila kuchoka, ambalo wengi hatujui lipo mpaka linyamaze. Gita la solo liwe la mwisho, lenyewe hujitangaza. Anza na bendi ya Les Wanyika, waliojitoa bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978 hapahapa Nairobi. Magita yao yamepangwa kwa nafasi, kila moja na njia yake, na anayejifunza hapotei. Benga, ule muziki wa magita ya kasi wa hapa Kenya, ni somo la mwaka wa pili: solo hujibizana na mwimbaji, besi nayo haitulii, na mwenye povu mikononi ataachwa nyuma.

Ukikuta wimbo wa zamani umekatika ghafla pale ulipoanza kunoga, usilaumu bando. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilibeba kama dakika nne au tano kila upande, hivyo wimbo mrefu uligawanywa: mara nyingi upande wa kwanza maneno, wa pili magita yakichemka. Waliozihamishia kwenye intaneti wakati mwingine walihamisha upande mmoja tu. Tafuta palipoandikwa sehemu ya pili, na ukiipata andika ulikoipata. Ukitaka kuzishika santuri zenyewe, nenda Kenyatta Market. Humo, pamoja na nyama choma na wasusi, kuna kibanda cha santuri.

Ndani ya matatu, spika za masikioni zibaki mfukoni. Muziki wa gari utaushinda wako, na steji utapitishwa.

Vitabu mimi huvinunua vilivyotandazwa chini mjini. Vya Kiswahili vingi viliwahi kutahiniwa sekondari, navyo huja na mwanafunzi wake ndani. Usivikimbie vilivyochorwachorwa. Ninayo riwaya ambayo mwenyewe wa kwanza ameandika "tashbihi" pembeni kila alipoona neno "kama", hata pasipo na tashbihi yoyote. Akifika ukurasa wa mazishi, hakuandika kitu. Mistari safi juu hadi chini, alama moja ya kidole chenye wino. Hilo nililitia daftarini kabla ya maoni yangu mwenyewe. Ila kabla ya kulipa, kagua kurasa za mwisho. Muuzaji hatakuambia zimeng'oka. Mfuko ukikauka, upande wetu wa Jogoo Road kuna matawi ya maktaba ya McMillan, Kaloleni na Makadara.

Katika kila kitabu, nakili sentensi moja kwa mkono. Usipige picha. Mkono huenda polepole na hukuonyesha mkato uliouruka kwa macho.

Mambo ya nyumbani usiyatengee daftari lake. Bei ya nyanya, stima kupotea, harusi ya binamu, yote yaingie ukurasa uleule. Riwaya ile niliimalizia kwa tochi, jirani wa juu akiburuta mitungi kupanga foleni ya maji, na sasa siwezi kuisoma ile sura ya mazishi bila ile mitungi. Sijui kama mwandishi angefurahi. Mimi naona kitabu kimenenepa.

Ukurasa wa mwisho ni wa madeni: vitabu ulivyowaazima watu. Andika jina, tarehe na hali ya jalada, yeye akiona, kabla hajavuka mlango. Shemeji zako waandike kwa biro nyekundu.