Kuandaa kozi ya NTA Level 4 hadi 6: anzia kwa mhitimu, urudi nyuma

Wakuu, hii ni kwa wenye vyuo vya kati na wanaojipanga kufungua, pamoja na walimu wanaotupiwa kazi ya kuandika mtaala wiki mbili kabla ya deadline. Kila bango barabarani limeandikwa NTA Level 4, 5, 6 (NTA ni National Technical Awards, yaani ngazi za tuzo za elimu ya ufundi hapa Tanzania), ila ukimuuliza mtu wa chuo chenyewe tofauti ya 4 na 5 anakwambia ni mwaka wa kwanza na wa pili, basi. Ukianza na mawazo hayo utahangaika sana huko mbele.

Tuweke sawa kwanza. Ufundi stadi una ngazi tatu, NVA (National Vocational Award) I mpaka III, hizi ndo zilichukua nafasi ya zile trade test za zamani. Alafu zinafuata NTA: 4 ni cheti cha awali, 5 ni cheti, 6 diploma, 7 diploma ya juu, 8 digrii, 9 masta, 10 PhD. Msimamizi ni NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, zamani ikiitwa NACTE, mabadiliko ya sheria ya 2021 ndo yakaleta na mafunzo ya ufundi stadi chini yake, kwa iyo saivi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni mtoa mafunzo kama wengine. Vyuo vikuu viko TCU, tume ya vyuo vikuu.

Sasa kiini chenyewe. Kila ngazi ina maelezo ya kazi ambayo mhitimu anatakiwa aiweze. Level 4 ni kazi za kawaida, zenye utaratibu unaojulikana. Level 5 ni kazi za aina mbalimbali, baadhi sio za kila siku, na anaanza kubeba majukumu ya utendaji. Level 6 wigo ni mpana na kazi nyingi sio za mazoea.

Chukua kozi ya uhasibu. Wa Level 4 unampa risiti na vocha za petty cash, anazipanga, anaingiza kwenye kitabu, anafunga siku. Wa Level 5 unampa bank statement na cash book ambazo hazikubaliani, anakaa nazo mpaka anapata cheki ambayo haijapita benki na makato ambayo hayakuandikwa. Wa Level 6 hesabu ya mwezi mzima ni yake, na akiona manunuzi yanapanda huku stoo haiongezeki anajua pa kuchimba na anaandika ripoti ambayo bosi anaielewa. Unaona? Somo linaweza kuwa na jina lile lile ngazi zote tatu, kinachobadilika ni uzito wa kazi na nani anamsimamia.

Kwa iyo kabla hujaandika chochote nenda kwa waajiri, na usiwapelekee dodoso la "je unaona kozi hii ni muhimu", maana watajibu ndio wote ili uondoke. Waulize kijana mpya wiki ya kwanza mnampa kazi gani, akikosea nani anagundua, na ni kazi gani hamthubutu kumpa. Hilo swali la mwisho ni dhahabu, linakuonyesha ngazi moja inapoishia. Majibu hayo ndo yanageuka kuwa matokeo makuu ya kozi, unayavunja kuwa matokeo wezeshi (yale yanayomfikisha mwanafunzi kwenye matokeo makuu), unayavunja tena kuwa matokeo madogo, na kila dogo linapewa kazi za kufanya na vigezo vya kupimia. Ukikuta umeandika "mwanafunzi ataelewa uhasibu" futa, kuelewa utakupimaje? Andika "ataandaa ulinganisho wa benki wa mwezi mmoja kutoka kwenye nyaraka halisi", hapo hata mwalimu mgeni anajua asahihishe nini.

Krediti zinawachanganya wengi ila hesabu yake ni ndogo. Krediti 1 ni masaa 10 ya kujifunza, na kila ngazi kati ya hizi, 4 hadi 6, inabeba krediti 120, yaani masaa 1,200. Moduli ya krediti 12 ni masaa 120, ukigawa kwa wiki 15 unapata masaa 8 kwa wiki, na humo ndani kuna darasa, vitendo, kujisomea na mitihani. Mtu akiweka lekcha za masaa 8 tupu kwenye ratiba hajaelewa, na vitendo vitafia hapo hapo.

Mtaala wa kukopi na kupesti kutoka chuo kingine unajulikana haraka jamani. Umeandika maabara ya kompyuta, wakaguzi wanakuja wanataka kuiona, unayo? Walimu wako wana sifa za ngazi wanayofundisha? Andika unachoweza kukionyesha.

Alafu usajili wa chuo ni kitu kimoja, ithibati (kuthibitishwa kwa ubora wa chuo) ni kingine, na ruhusa ya kufundisha kozi fulani ni kingine tena. Chuo kusajiliwa hakukupi ruhusa ya kuanzisha famasia kesho, kwa iyo usitangaze wala kuchukua ada kabla hujapata kibali cha kozi hiyo.

Ukishaanza, kazi ya karatasi ndo inaongezeka. Majina ya waliodahiliwa yanapelekwa NACTVET kuhakikiwa, matokeo yanapelekwa kila yanapotoka. Wengi wanalichukulia kama usumbufu wa ofisi, ila mwenye diploma akitaka kuomba digrii anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo yake, ile AVN (Award Verification Number), na kama matokeo yake hayapo kwenye mfumo hiyo namba haitoki. Dirisha la udahili linafungwa, mzazi anapiga simu chuoni. Mpe mtu mmoja hii kazi kwa jina lake, asiwe mwalimu mwenye vipindi kutwa nzima, na aanze kuhakiki majina yanavyosomeka kwenye cheti cha form four siku ile ile mwanafunzi anaporipoti.